Hapa Panakaliwa? Miaka Yetu ya Kujenga Maktaba ya Mtaa, Tanga

Wiki ya tatu tangu tufungue maktaba yetu, mzee mmoja muuza kahawa alitua dele lake mbele ya mlango, akachungulia ndani, kisha akaniuliza: "Mwanangu, hapa panakaliwa?"

"Shikamoo babu. Hapa ni maktaba, panasomwa."

"Marahaba. Haya." Akabeba dele lake, akavuka barabara, akaenda kukaa chini ya mwembe. Baada ya nusu saa mwembe ule ulikuwa na watu tisa. Ndani ya maktaba tulikuwa watatu: mimi, mkutubi na mlinzi.

Naandika haya kwa sababu tangu mwaka jana nimekuwa nikipigiwa simu na watu wa Pangani, wa Muheza, hata kijana mmoja wa Kilwa. Wote wanataka kuanzisha maktaba ya mtaa, na swali lao la kwanza ni moja: vitabu mlivipata wapi? Nikiwaambia waanze na pa kukaa, simu inanyamaza. Nawaelewa. Mwaka 2018 na mimi ningenyamaza.

Mimi si mkutubi wala mhandisi. Nina duka la steshenari karibu na shule: natoa kopi, napiga picha za pasipoti, nauza madaftari. Mwaka huo nilianza kuona watoto wa sekondari wanabaki kwenye kibaraza cha duka langu hadi saa mbili usiku, wakisomea taa yangu ya nje. Kwao ni chumba na sebule, watu saba, na redio ya jirani nyuma ya ukuta. Maktaba ya mkoa ipo, iko mjini, lakini mtoto anayetoka shule alasiri, ateke maji, asonge ugali, hawezi kupanda baiskeli akafika kule na kurudi kabla ya giza. (Kibaraza cha duka langu! Jibu lilikuwa limekaa mlangoni kwangu toka siku ya kwanza, mimi nikaenda kulitafuta kwingine.)

Tukaunda kamati ya watu wanane. Mimi nikawa katibu, kwa sababu nina kompyuta. Familia moja ya mtaani ilikuwa na ghala la zamani lililokuwa likiwekwa mabelo ya katani, enzi mkonge ukiitwa dhahabu ya kijani. Kuta zake za matumbawe na chokaa, unene unakaribia nusu mita, paa limekwisha. Mzee mwenye ghala akasema, "Chukueni, wanangu." Tukachukua. Hatukuandikishana. Miezi mitano baadaye mzee akafariki, Mungu amrehemu, na wakatokea warithi tisa, kila mmoja na hesabu yake. Mwaka mzima wa 2019 ulikwenda huko, na simlaumu mtu, maana mali ya marehemu ina wenyewe. Kama na wewe umepewa jengo kwa mdomo, acha kusoma hapa kwanza. Nenda serikali ya mtaa, tafuta mwanasheria, warithi wote waitwe na waweke sahihi wakati mwenye mali yuko hai.

Tulipokuwa tunasubiri warithi tukapata kile tulichokiita bahati. Shirika moja la nje lilituahidi vitabu elfu tatu vya bure. Bure hiyo ilitutoa jasho. Mzigo ulikwama bandarini kwa sababu karatasi hazikukamilika, na bandarini kila siku ya kulala ina bei yake. Hesabu ya tozo, wakala wa forodha na lori ikafika shilingi milioni 4.6, na karibu nusu ya pesa hiyo ilikuwa imetumwa na ndugu zetu walioko Muscat, watu wanaojinyima huko ili mtaa upate kitu. Tulipofungua makatoni hatukujua tucheke au tulie. Miongozo ya kompyuta za mwaka 1998. Kitabu cha kutunza bustani wakati wa theluji. Nakala arobaini za kitabu kimoja cha kodi za jimbo fulani la Marekani. Vilivyofaa havikufika mia saba, na cha Kiswahili hakikuwamo hata kimoja. Mimi ndiye niliyeandika barua ya kukubali mzigo bila kuomba orodha. Usiku ule sikulala, nilikuwa nawaza nitawaambia nini wale wa Muscat.

Ndipo, kwa kuchelewa, tukaenda kwa watu wa Bodi ya Huduma za Maktaba, chombo kilichoundwa kwa sheria tangu 1963. Tungeanzia hapo tungeokoa pesa. Wao ndio waliotuonyesha njia ya kumpata mkutubi kijana aliyesomea kazi hiyo chuoni Bagamoyo, na huyo ndiye bahati yetu ya kweli.

Nije kwenye ujenzi, maana hapo ndipo nina mengi.

Mkutano wa wananchi tuliuitisha saa kumi alasiri kwa kipaza sauti. Wakaja wanaume arobaini na wanawake wanne, mmoja wa hao wanne nikiwa mimi. Tukauliza: mnataka maktaba ya namna gani? Wakajibu: ya kisasa, yenye kompyuta na viyoyozi. Tukaandika. Sikujua wakati ule kwamba mtu mkutanoni husema jambo la mkutanoni. La moyoni analisema akiwa anasubiri kopi.

Na sisi wanakamati tulikuwa na picha yetu. Wengi wetu maktaba tuliyoifahamu ni Maktaba Kuu ya Dar es Salaam, ile Mwalimu Nyerere aliyoifungua mwaka 1967, na tulikwenda pale wakati wa kujiandaa na mitihani. Kwa hiyo vichwani mwetu maktaba ilikuwa chumba cha mtihani chenye vitabu. Mchora ramani akatuletea kilekile tulichokuwa tunakiwaza: ngazi saba mbele, nguzo mbili, mlango mmoja wa kioo, madirisha ya alumini yasiyofunguka yote. Tukapiga makofi. Jengo lina heshima, tukasema.

Ili tupate nafasi ya ngazi zile tulivunja jukwaa la kupakilia mabelo, lililokuwa limepita mbele ya ghala zima, urefu wa mita 14. Vijana walikuwa wakikaa pale jioni, miguu inaning'inia. Naikumbuka sababu tuliyoiandika kwenye muhtasari wa kikao, maana niliiandika mimi: "watu hukaa hapo ovyo." Nikiufungua muhtasari ule leo naona aibu peke yangu.

Kosa jingine lilikuwa plasta. Fundi alipendekeza saruji, tukakubali, kwani Tanga na saruji nani atakwambia. Lakini ukuta wa matumbawe na chokaa hunywa unyevu na kuutoa. Ukiupaka saruji, unyevu unafungiwa ndani. Masika ya kwanza tu plasta ikaanza kuvimba na kumwagika kama unga, na rafu zilizoegemea ukuta zikashika ukungu. Tukapoteza vitabu tisini na kitu. Tulikuja kuibandua yote, tukamtafuta mzee mmoja anayejua kuchoma na kulowesha chokaa, akaipaka upya. Kama jengo lenu ni la zamani, tafuteni mtu wa chokaa kabla ya mtu wa saruji. Wapo, ila wamezeeka.

Tulifungua Januari 2021. Ukutani tulibandika matangazo manne ya KIMYA, na mengine ya usile, usilale, acha mkoba nje, usiongee na simu. Mwezi wa kwanza daftari la wageni lilionyesha watu sita kwa siku, na ndani ya hao sita wapo waliokuja kuomba maji ya kunywa. Ndio wakati yule mzee wa kahawa aliponiuliza swali lake.

Kilichonifumbua macho ni harusi ya wifi yangu Nairobi, mwaka uleule. Nikasema nikiwa huku nikaione maktaba ya McMillan. Ni jengo la mwaka 1931, mjane alilijenga kwa kumbukumbu ya mumewe, na kwa zaidi ya miaka ishirini ya ukoloni Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. Nilisimama chini ya ngazi, kati ya wale simba wawili wa mawe, natazama nguzo kubwa juu yangu. Nikajikuta nimebana mkoba kwapani na kurekebisha mtandio, kama mtu anayeingia benki kuomba mkopo. Hakuna aliyenizuia. Milango siku hizi ni ya wote. Lakini mawe yale yalikuwa bado yanasema yaliyofundishwa kusema mwaka 1931. Nikakumbuka ngazi zetu saba. Sisi tulikuwa hatuna hata mkoloni wa kumsingizia.

Siku ya pili nikapelekwa Eastlands, mashariki ya jiji, kuona matawi yake ya Kaloleni na Makadara. Wanawake wawili Wakenya, Wanjirũ Koinange na Angela Wachuka, walianzisha mwaka 2017 taasisi iitwayo Book Bunk ili kuyafufua maktaba haya pamoja na McMillan yenyewe. Kaloleni iko katikati ya mtaa, karibu na nyumba za watu. Sikukaa sana, shughuli za harusi zilikuwa zinaningoja, lakini njiani kurudi nilikuwa nimekwisha amua: ngazi zile zinaondoka.

Kuwashawishi wenzangu kulichukua miezi minne. Mmoja alinigombeza kweli: tumejenga juzi, leo tunavunja? Nikamuuliza nyumba ya baba yake mbele ina nini. Akanyamaza, kisha akacheka. Ina baraza.

Tulijenga baraza mahali palepale palipokuwa na jukwaa la mabelo, mita zilezile 14, pamoja na paa la kuikinga. Ilitugharimu shilingi milioni 2.3. Nusu ya bei ya makatoni. Na hata hapo tulikosea: fundi aliinua kiti cha baraza hadi sentimita 60, na yule mzee wa kahawa tulipomwita ajaribu, miguu ikabaki hewani kama ya mtoto. Tukabomoa, tukashusha hadi 45. Upana tuliuacha 70, ili watu wawili waweze kukaa na bao katikati yao. Paa litoke mbele si chini ya mita 2, la sivyo jua la alasiri litawafukuza wote saa tisa. Pembeni tukaweka mteremko badala ya ngazi, kila sentimita moja ya kupanda iwe na kumi na mbili za kwenda mbele. Mteremko ule tuliufikiria kwa ajili ya kiti cha magurudumu. Wanaoutumia zaidi ni wenye baiskeli, kina mama wenye watoto mgongoni, na wazee ambao ngazi hawazipendi ila hawasemi.

Mzee akaja na dele lake siku saruji ilipokauka. Hakuuliza kitu.

Tukaweka magazeti mawili kila siku, yafungwe kwa kamba kwenye ubao, na kijana wa kuwasomea wazee ambao macho yamechoka. Ndani ya wiki mbili baraza ilijaa kuanzia alasiri hadi magharibi. Bao, kahawa na kashata, ubishi wa Simba na Yanga, siasa. Watu walianza kuingia ndani kutafuta atlasi ili kumaliza ubishi. Kamusi ilitoka rafuni mara nyingi kuliko riwaya. Tukafurahi, tukapiga picha tukazituma Muscat.

Furaha ile ilidumu kama miezi miwili. Mkutubi wetu ndiye aliyegundua kasoro, kwa kuwa ana tabia ya kuhesabu daftari kila Ijumaa. Wageni wameongezeka mara tano, akaniambia, lakini wasichana wanapungua. Kabla ya baraza walikuwa thelathini na mmoja kwa wiki. Sasa tisa.

Nilimwuliza binti mmoja wa kidato cha tatu aliyekuja dukani kununua rula. Akainama kwanza. "Anti, pale mbele unapita kama bi harusi. Wote wanakutazama toka unyayo mpaka utosi. Wengine wanakusalimia, na ukimwitikia mmoja, kesho ni maneno."

Jamani. Mimi ni mwanamke wa Tanga. Nimezaliwa na kulelewa nikijua baraza ni ya nani. Baba na wageni wake walikaa barazani. Mama, shangazi zangu na majirani walikaa uwani, kwenye mikeka, wakichambua mchele, wakisukana, wakimaliza mambo makubwa kuliko yale ya barazani. Nyumba zetu za pwani zina mbele na zina nyuma, na kila upande una mazungumzo yake. Sisi tukajenga mbele tu, tukaandika mlangoni "Karibuni wote", tukadhani maandishi yatafanya kazi ya ukuta.

Sikutaka kuiondoa baraza. Wale wazee hawakuwa na kosa, na wengine ndio babu wa mabinti haohao. Nilichopendekeza ni mlango wa pili, upande wa nyuma, unaofungukia kwenye uwanja mdogo uliokuwa jalala la mabati mabovu. Kamati ikapinga kwa hoja moja: vitabu vitaibiwa. Tukabishana vikao vitatu. Mwishowe tukakubaliana tujaribu mwaka mmoja. Mwaka ule tulipoteza vitabu kumi na kimoja. Mwaka uliotangulia, tukiwa na mlango mmoja na mlinzi, tulikuwa tumepoteza kumi na vinne. Hoja ikafa yenyewe.

Uwa wetu si mkubwa, mita 8 kwa 10. Kuna ukuta wa kimo cha mtu, mkungu wa kivuli, bomba la maji, mikeka, meza mbili ndefu, na choo. Choo hiki nakitaja kwa makusudi. Mchoro wa kwanza ulikuwa na tundu moja nyuma ya kibanda cha mlinzi. Tulipojenga matundu matatu safi, moja lenye nafasi ya kiti cha magurudumu, yote yenye maji na ndoo yenye kifuniko, ilitugharimu milioni 5.8 pamoja na shimo, na ndiyo pesa iliyouma kuliko zote kwa sababu huwezi kuipiga picha ukamtumia mfadhili. Lakini msichana hawezi kusoma saa nne mahali pasipo choo. Akibanwa anaondoka, na akiondoka jioni harudi.

Kina mama wa kikoba wakaanza kukutana uwani Jumamosi. Walikuwa wanakutana kwa zamu majumbani, na aliyepokea wageni alilazimika kutafuta chai. Wanakuja na watoto, watoto wanaingia ndani kuchezea vitabu vya picha, na hivyo tukapata wasomaji wa miaka minne bila kampeni yoyote. Kisha wakaomba cherehani mbili. Hapo nusu ya kamati ikaruka: cherehani maktabani? Nikawaonyesha kwenye simu maktaba ya Oodi kule Helsinki, iliyofunguliwa Desemba 2018, ambamo wananchi wanashona kwa cherehani za maktaba na hakuna anayeshangaa. Zikapita kwa kauli moja. Nilishinda, ila moyoni niliumia kidogo kwamba mama wa kikoba aliposema hakusikilizwa, Helsinki iliposema ikasikilizwa.

Ndani nako tulipanga upya, kwa kufuata nyumba ileile ya pwani: kadiri unavyoingia ndani ndivyo sauti inavyopungua. Barazani ongea utakavyo. Chumba cha kwanza kina soketi kumi na mbili za kuchaji simu, meza za magazeti, mkutubi mwenyewe. Hapo sauti ya kawaida. Katikati watoto. Chumba cha mwisho kabisa, kile chenye kuta nene kuliko vyote, ndicho cha kimya, na tangazo la KIMYA limebaki moja tu, mlangoni pake. Kidato cha nne wanakaa humo mwezi wa kumi mpaka mitihani ya Novemba. Hatuwafukuzi wanaosinzia. Mvua ikinyesha mabati yalikuwa yanazima hata mawazo. Tukafunga silingibodi na kutundika mikeka ya ukindu chini yake, na kelele zikapungua vya kutosha. Kwenye kuta tukatoboa vidaka, kama vile vya nyumba za Lamu vilivyokuwa vikiwekwa vyombo vya kaure, ila sisi tukaweka vitabu vya watoto kwa kimo cha macho ya mtoto. Rafu za kati zina kimo cha mita 1.2 na magurudumu chini. Mkutubi anaona chumba kizima akiwa amekaa, na kukiwa na mkutano tunazisukuma pembeni.

Hapa niseme habari ya wavu. Nilipokuwa nazunguka kuuliza watu wanataka nini, safari hii dukani na msibani badala ya mkutanoni, mtoto mmoja wa darasa la tatu aliniambia anataka "pa kulala". Nikamcheka. Baadaye nikaona picha za maktaba ya Muyinga, Burundi, iliyokamilika mwaka 2012 kwa matofali ya udongo ulioshindiliwa. Ndani yake kuna wavu mkubwa wa kamba za katani uliotandwa juu kama bembea ya kulalia, na watoto wamejilaza humo wanasoma. Katani! Sisi tulio ndani ya ghala la katani, Tanga, tunatafuta viti vya plastiki.

Kamba tulinunua hapahapa. Kufuma tukawapa wavuvi, maana fundo ni kazi yao. Walicheka sana: "Dada, mnataka kuvua watoto?" Wakafuma wavu mzuri, imara, na matundu ya kuvulia samaki wakubwa. Siku ya pili mguu wa mtoto ukapenya hadi kwenye paja, akaning'inia pale analia. Hakuumia, alhamdulillahi, lakini maneno aliyonipa mama yake nilistahili. Wavu ukafumwa upya, tundu lisipitishe unyayo wa mtoto wa miaka mitatu. Mpime kwa unyayo halisi, msikisie. Na hewa yetu ya bahari hailindi katani: kila baada ya masika tunakagua fundo moja moja, na kamba iliyolegea hubadilishwa kabla watoto hawajarudi.

Sasa pesa, ambayo watu huniuliza kwa kunong'ona. Mpaka leo ujenzi wote, pamoja na tuliyovunja, umekula milioni 41. Kwa hesabu yangu milioni 11 kati ya hizo ni za makosa. Lakini kinachoua maktaba ni mwezi. Kwetu kila mwezi mkutubi 350,000, mlinzi 150,000, umeme wa LUKU kama 85,000, magazeti 60,000, maji 25,000. Hiyo ni 670,000 kabla taa moja haijaungua, na kila mfadhili anapenda kulipia jengo, hakuna anayependa kulipia LUKU. Tunaipata kwa kukodisha chumba cha mbele kwa semina, kwa kopi (mashine ni yangu, faida nusu kwa nusu, imeandikwa na kamati inakagua), na kwa wanachama wanaotoa elfu mbili kwa mwezi wenye uwezo. Kuna miezi tunapungukiwa. Mwezi wa Ramadhani uliopita mkutubi alingoja mshahara siku kumi na tisa, na hakuna jambo lililonivunja moyo kama kumwona akifungua mlango kwa wakati kila asubuhi.

Msianze bila mshahara wa mwaka mmoja benki. Sisi tulianza na wa miezi miwili.

Siasa fupi: mwaka wa uchaguzi kila mtu anaona baraza yako ni jukwaa. Tuliweka kanuni mapema, ikasainiwa na vyama vyote vya mtaani, kwamba kubishana siasa ruksa, kampeni hapana, bendera hapana. Imeshika, ingawa mara moja ilibidi nisimame mlangoni na kanga kiunoni.

Wasichana kwa wiki sasa ni zaidi ya sitini. Wengi wanaingia kwa nyuma. Wachache, wale wa kidato cha nne wenye maringo yao, wameanza kupita mbele, wanawasalimia wazee "shikamooni" kwa pamoja na kuingia, na wazee wanaitikia bila kuinua macho kwenye bao.

Kikao kijacho kina ajenda moja. Wazee wameandika barua, ya kwanza wao kuandika kwa kamati, wakiomba taa ya barazani ili wacheze mpaka baada ya isha. Nimeambiwa mwandishi ni mzee wa kahawa, na kijana wa magazeti ndiye aliyemshikia kalamu. Mimi nitaunga mkono. Ila LUKU ya taa hiyo watachanga wenyewe, na nitawaambia hivyo usoni.